Shikamoo Ng'ambo ya Mstari wa Njano

Wadogo zangu mnaoshika zamu sasa pale mlangoni, Neema ameniomba niwaandikie. Neema ni yule binti wa Singida niliyemfundisha kazi katika miaka yangu ya mwisho, na siku hizi ndiye anayewafundisha ninyi. Anasema mnauliza kwa nini ukutani, juu ya mashine ya kukagulia mizigo, kuna tangazo lisemalo ASKARI HATAMWAMKIA ABIRIA KABLA YA KUMPEKUA. Mmoja wenu amewaambia wenzake kwamba amri hiyo ilikuja kutoka ng'ambo, kwenye boksi moja na mashine. Haikutoka ng'ambo. Ilitoka Kisarawe, na aliyeisababisha ni mimi.

Ninaandika nikiwa kwangu Kibaha, nyuma ya maduka ya Maili Moja, ambapo kuna mtu mwenye kipaza sauti anayeuza sumu ya panya kuanzia saa mbili asubuhi. Mkikuta sentensi imekatika, ni yeye. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo vilinibadilishia mabega tu, na mshahara mnaujua.

Niliripoti kazini nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Karani wa utumishi aliniuliza ninakaa wapi, nikamwambia Masaki. Akaandika Masaki, akaniangalia viatu, akaangalia tena alichoandika. Alidhani ninakaa Masaki ya mjini, kwa mabalozi. Mimi ni wa Masaki ya Kisarawe, kwa mihogo, mikorosho na mkaa. Sikumsahihisha kwa kuwa hakuniuliza ni Masaki ipi. Basi wiki nzima ya kwanza gari la wafanyakazi lilikwenda kunisubiri kwa mabalozi, na mimi nikitoka Kisarawe kwa njia zangu nilifika kazini kabla ya gari lililotumwa kunichukua. Dereva alininunia mpaka alipostaafu.

Masharti ya ajira yalikuwa kurasa nne. Sare ni mali ya mwajiri, soksi zikiwemo. Kuna mwaka mmoja wa majaribio, na ndani ya mwaka huo unaweza kuondolewa kwa barua ya mistari mitatu. Uzembe mlangoni hauna onyo la kwanza. Nilisaini bila kusoma, kama mlivyosaini ninyi.

Aliyenisomea ni Mzee Mlelwa, mkuu wa zamu yetu, mtu wa Iringa aliyekuwa anakula chakula cha mchana akiwa amesimama ili asizoee kukaa. Asubuhi ya kwanza alitupanga wapya sita akatuuliza sisi ni nani. Mmoja akajibu kwa sauti kwamba sisi ni polisi wa uwanja wa ndege.

"Polisi wako kule," akasema Mzee Mlelwa, akionyesha kituo chao kidogo upande wa pili wa maegesho. "Ninyi ni askari wa uwanja. Polisi anakamata. Wewe unazuia, halafu unamwita anayekamata. Siku utakayoandika 'nimemkamata' kwenye kitabu cha matukio, umevaa kofia ya mtu, na mwenyewe atakuja kuidai."

Kisha akatufundisha mamlaka yetu yote kwa muda wa chai. Abiria ana haki ya kukataa kupekuliwa. Na sisi tuna haki ya kukataa asipande ndege. Kwa hiyo, alisema, hakuna sababu ya kugombana. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke, mwanamume na mwanamume. Ukiona hirizi usiifungue wala usiulize ya nini. Mwombe mwenyewe aiweke kwenye trei, ipite kwenye mashine kama saa na mkanda. Sakafuni, hatua chache baada ya mashine, ulichorwa mstari wa njano. Aliyeuvuka amepekuliwa. Ambaye hajauvuka, hata awe nani, hajapekuliwa. "Na zamu ikiisha, ukatoka nje ya uzio," akamalizia, "wewe ni raia mwenye sare. Usije ukamsimamisha mtu Mnazi Mmoja."

Nikauliza swali langu la kwanza kazini. Je, wazee tunawaamkia?

"Hapa mlangoni shikamoo haipo," akasema. "Salimia habari za asubuhi, inatosha. Ukishamwambia mzee shikamoo, akakuitikia marahaba mwanangu, umekwisha kuwa mwanawe. Mtoto hamvui mzazi viatu."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilijisemea moyoni kwamba hawa watu wa bara hawakufundwa.

Kifaa cha kupitishia mwilini tulikiita mwiko. Kilikuwa kinalia kwenye vifungo, bangili, sarafu iliyosahaulika kwenye pindo la kanga, na mara nyingine kwenye hewa tupu. Mzee Mlelwa alitufundisha kutokiamini sana wala kukidharau. Alisema mkono ndio unaojua, mwiko unabisha hodi tu. Nilijifunza kupitisha mikono nikiangalia ukuta, ili mama wa watu asione kwamba namchunguza uso huku nimemshika kiuno. Hilo liigeni. Nilifanya vizuri kwa miezi kumi.

Mwezi wa kumi na moja akaja Somo yangu.

Kwa wale ambao kwao haya hayapo, nieleze. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akaitwa mwali, na hupewa mwanamke mmoja wa kumfunda. Huyo ndiye somo yake. Wangu alikuwa Bi Mwanahawa, jirani yetu pale Masaki, mkulima wa mihogo mwenye sauti ya kuita watu toka bondeni. Alinifundisha mambo ambayo mama yangu asingeweza kuyataja mbele yangu. Mama nilimwamkia nikiwa nimesimama. Somo nilimwamkia kwa goti.

Alikuwa anakwenda Mwanza kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, na wenye harusi walimkatia tiketi ya ndege kwa sababu ndiye atakayemfunda bibi harusi. Nilimwona kwenye foleni, kanga mbili mpya, mkoba wa ukili begani. Nilikuwa na muda wa kutosha kujiandaa. Sikujiandaa.

"Shikamoo, Somo," nikasema, na goti likapinda lenyewe.

"Marahaba, mwali wangu! Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii? Mbona umekonda?"

Akapita pembeni ya mashine kama mtu anayekwepa dimbwi. Hakufanya ujeuri. Hakuona ni kitu gani pale kingemhusu. Na mkoba wake ulikuwa mzito, kwa hiyo niliubeba mimi mwenyewe, nikauvusha mstari wa njano, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kosa hilo naliandika lote kwa sababu nimewahi kusikia likisimuliwa bila sehemu ya kumbebea.

Ndani ya mkoba kulikuwa na mbuzi. Kwa ninyi mliokulia mbali na minazi, mbuzi ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia unakuna nazi. Somo alikuwa na imani kwamba mbuzi za watu hazikuni vizuri. Alipokaa kwenye kiti chake ndani ya ndege, ule ulimi ukachungulia kwenye ukili, mhudumu akauona, akauchukua mkoba kwa adabu, mbuzi ikateremshwa, na rubani akaarifu kwa redio kwamba kuna bibi ana mbuzi.

Kijana wa chumba cha redio hakuuliza ni mbuzi gani. Aliandika kwenye kitabu: "Mbuzi mmoja amepatikana ndani ya ndege." Akampigia simu daktari wa mifugo. Daktari akaja na kamba. Akakuta ndege imekwisha ondoka, naye akaandika alichoweza kuandika kwa haki: "Mnyama hakuonekana." Kuanzia hapo jalada likaenda juu kwa miguu yake lenyewe, na huko juu hakuna aliyeona haja ya kushuka stoo, ambako mbuzi ya Bi Mwanahawa ilikuwa imewekwa kwenye rafu, pembeni ya miavuli iliyosahauliwa.

Nikaletewa mashtaka. "Kwamba wewe, ukiwa zamu, uliruhusu mbuzi aingie kwenye ndege akiwa hajakaguliwa." Nilikuwa nimebakiza wiki tano nithibitishwe kazini. Nyumbani Masaki baba alikuwa amekwisha waambia watu msikitini kwamba binti yake ameajiriwa serikalini, jambo ambalo halikuwa kweli sana, lakini alikuwa ameshalisema.

Mzee Mlelwa aliisoma karatasi akiwa amesimama. Akaisoma tena.

"Uliona mbuzi anayelia?" akaniuliza.

"Hapana, afande."

"Mwenye pembe?"

"Hapana, afande."

"Basi soma ngeli. Wameandika aingie. Wameandika hajakaguliwa. Huyo mnyama hukumwona, hukumpitisha, na wanyama si wa mlango wako. Jibu unachoulizwa, kwa ngeli waliyoitumia wao. Wakimaliza, rudi zamu."

Alikuwa mtu mwenye kufuata sheria kuliko wote niliowajua, na siku ile alinifundisha namna ya kuponea ndani yake. Nilijua ananipenda. Nilishukuru, na usiku ule nililala.

Siku ya shauri nilipofika, nje ya chumba palikuwa na benchi, na kwenye benchi alikaa Hamisi, kofia juu ya goti. Hamisi alikuwa askari wa lango la mizigo, ambako wanyama hai hupita na vibali vyao. Nikamuuliza kaitiwa nini.

"Si huyo mbuzi wenu," akasema. "Wanasema kama hakupita kwako, basi kapita kwangu. Miaka kumi na tisa niko langoni, dada, sijawahi kupitisha hata kuku bila karatasi. Ni mbuzi gani huyo? Wewe ulimwona?"

Nikaitwa ndani kabla sijamjibu.

Kamati ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja kutoka makao makuu, mpole, mzaliwa wa Bukoba, kwenye ndizi. Alikuwa na jalada mbele yake na ilionekana amelisoma kwa bidii. Aliniuliza jina, tarehe ya kuajiriwa, zamu. Kisha akavua miwani.

"Binti, hebu nisaidie. Nimejaribu kulielewa hili nimeshindwa. Huyo mbuzi alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Mnajua jibu lilikuwa ni neno moja. Nikisema "alikuwa mdogo" nimepona, kwa sababu mbuzi wa namna hiyo hakuwahi kukanyaga mlango wangu, na Mzee Mlelwa alikuwa pale kwenye kona tayari kulisema hilo kisheria. Dirisha lilikuwa la vioo vya kulaza. Katikati ya vioo viwili niliiona ile kofia juu ya goti la Hamisi.

"Ilikuwa ndogo, mheshimiwa," nikasema.

"Alikuwa mdogo," akanisahihisha.

"Hapana, mheshimiwa. Ilikuwa."

Mzee Mlelwa akaangalia dari. Mwenyekiti akavaa miwani, akanitazama, akalitazama jalada, akanitazama tena. Nikaomba mtu atumwe stoo.

Ikaletwa. Wakaigeuza juu chini. Mwenyekiti akauliza inatumikaje, na kwa kuwa hakuna mjumbe aliyejitolea, niliikunjua sakafuni nikaikalia, na sare yangu yote, nikaonyesha kwa mikono mitupu namna nazi inavyozungushwa. Sijawahi kuaibika kama siku ile, na nimeshawahi kupekua balozi kimakosa.

"Na hiki," akasema mwenyekiti, "ndicho tulichokiitia daktari wa mifugo?"

Akaniuliza sasa swali lenyewe, ilipitaje. Nikamweleza: goti, shikamoo, marahaba, mkoba. Sikuruka kumbebea. Hamisi akaambiwa aende nyumbani, na alikwenda bila kujua kilichotokea, akidhani mbuzi kapatikana.

Barua yangu ilikuja baada ya siku tisa. Niliifungua chooni, nikahesabu mistari kabla ya kusoma maneno. Ilikuwa mitano. Nimepatikana na kosa. Majaribio yameongezwa mwaka mmoja. Nilikaa mle chooni nikalia mpaka mfanya usafi akagonga. Mzee Mlelwa hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akanipa chai yake, akasema, "Ningekuwa mimi ningesema alikuwa. Ndiyo maana nimefurahi sikuwa mimi." Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa ukutani.

Nilimrudishia Somo mbuzi yake mwenyewe. Alikuwa ameshatoka Mwanza, analalamika kwamba wali wa harusi haukuwa wali. Nilipomweleza habari ya majaribio alicheka mpaka akakaa chini. "Wamekurudisha ndani! Mwali wa mara mbili!" Hakuona kosa langu ni lipi, na mimi sikupata maneno ya kumweleza.

Miaka ikapita, nikathibitishwa, mashine zikabadilishwa mara tatu, mwiko ukawa wa betri ndogo. Mzee Mlelwa akastaafu akarudi Iringa, na nasikia huko anakula amekaa. Na siku moja, mchana, Somo akaja tena kwenye foleni. Safari hii alikuwa anakwenda kuzika.

Aliniona toka mbali akaanza kutabasamu. Nikamwangalia kama ninavyowaangalia wengine.

"Mama, weka mkoba hapa," nikasema. "Vua viatu, upite katikati."

"Mwali wangu, hunioni?"

"Nakuona, mama. Mkoba hapa."

Akauweka. Akavua ndala. Mwiko ukalia kiunoni, ikabidi mkono ufuate. Niliangalia ukuta. Chini ya kanga vidole vyangu vikakuta shanga, na kati ya shanga kulikuwa na zile punje za shaba, na nilizijua kwa mpangilio, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kuzitunga, tukiwa wawili tu chumbani, siku nilizokuwa ndani. Nikasema, "Asante, pita." Alipovuka mstari wa njano nikamgeukia, nikapiga goti. "Shikamoo, Somo."

Alikuwa ameshachukua mkoba. Hakugeuka.

Miezi minne hakuniitikia. Kila siku yangu ya mapumziko nilichukua pikipiki mpaka Masaki, nikapiga goti mlangoni kwake, nikasema shikamoo, naye akaendelea kumenya mihogo kana kwamba upepo umesukuma mlango. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto wawili, na njiani kurudi nilikuwa ninalia ndani ya mtandio ili mwendesha pikipiki asiniulize. Mwisho wa mwezi wa nne aliweka kisu chini.

"Siku ile ulinidhania mimi mwizi?"

"Hapana, Somo. Ningekuamkia kwanza ningekuwa mwanao, nisingekupekua. Ilibidi nianze kuwa askari."

"Na shikamoo yangu uliiweka wapi?"

"Ng'ambo ya mstari. Nilikupa ulipovuka. Ulikuwa umeshapita."

Akafikiri. Akachukua muhogo mwingine, akaushika tu bila kuumenya.

"Kumbe nilipita haraka," akasema. Halafu akasema, "Marahaba."

Alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Watoto wake waligawana mashamba na mikorosho. Mimi nilipewa mbuzi.

Sasa namalizia, maana yule wa sumu ya panya amebadilisha betri. Mwezi uliopita binti yangu alijifungua Mwanza, nikakatiwa tiketi. Miaka yote ile pale mlangoni, sikuwahi hata mara moja kupanda ndege. Niliweka mbuzi ya Somo kwenye mkoba wa mkononi. Sheria naijua, nimewafundisha wengine. Sitasema nilisahau, na sitasema nilikusudia.

Zamu ilikuwa ya Neema. Huyu mtoto huniamkia akiwa ng'ambo ya barabara pale Maili Moja, kwa sauti ya kunitia haya mbele ya wauza matunda. Nilipofika mbele yake alinitazama kama anavyowatazama wengine.

"Mama, weka mkoba hapa. Vua viatu, upite katikati."

Nilijua atasema hivyo, maana ni maneno yangu. Niliumia vilevile. Niliumia kama mtu aliyekanyagwa, na ndipo nikajua nilimfanya nini Somo yangu, na kwamba ningemfanya tena. Nikavua viatu. Mashine ikauona ulimi wa chuma. Neema akafungua mkoba, akaitoa, akaikagua pande zote, akanipekua mwilini kwa mikono yake akiangalia ukuta. Kisha akavuta kitabu cha matukio, akaandika bila haraka, akanigeuzia nisaini. Nilivaa miwani nikasoma. "Mbuzi moja, ya kukunia nazi. Imezuiwa." Nikasaini.

Nikavuka mstari wa njano. Abiria walikuwa wengi nyuma yangu, na kipaza sauti kilikuwa kinatuita. Mimi sikupita haraka. Nilisimama pale ng'ambo, viatu mkononi, nikageuka, nikasubiri.

"Shikamoo, mama," akasema Neema.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."